Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maafa, nyumba na maji Alaska: ardhi inazama, sheria inasubiri dhoruba

Kwa:
Waheshimiwa Wajumbe wa Bunge la Marekani,
Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Alaska,
Wakuu wa idara za shirikisho na za jimbo zinazosimamia maafa, nyumba, maji na ujenzi.

YAH: KUYEYUKA KWA PAMAFROSTI CHINI YA VIJIJI VYA ALASKA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote. Sisi ni mafundi wa misingi na mabomba, wahandisi na wapimaji wa udongo. Tumeandika kwa njia za kiofisi, tumejaza fomu, tumeambatisha vipimo na ramani. Majibu yamekuwa ya aina mbili tu: kwamba barua imepokelewa, au kwamba jambo hili ni la idara nyingine. Kwa hiyo sasa tunaandika hadharani. Nakala ya Kiingereza mnayo. Hii ya Kiswahili tumeitoa kwa sababu wapo wasomaji wetu wanaodhani habari ya barafu ya kaskazini haiwahusu, ilhali ardhi iliyoganda ya kaskazini imefungia kaboni inayokaribia mara mbili ya ile iliyopo angani leo. Ikiyeyuka, hewa hiyo itakuwa ya wote, kuanzia Utqiaġvik, kaskazini kabisa mwa Alaska, hadi Lamu.

Kwa asiyeijua ardhi hii: pamafrosti ni udongo au mwamba uliokaa kwenye nyuzi 0 au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Mwingi wa huu wa Alaska umeganda kwa maelfu ya miaka. Juu yake lipo tabaka jembamba, mara nyingi nusu mita hadi mita moja, linaloyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena baridi ikirudi. Nyumba, shule, matangi ya mafuta, mabomba ya maji na viwanja vya ndege vimewekwa juu ya udongo huo kwa hesabu kwamba chini ya tabaka hilo hapataguswa. Tangu 1979 ukanda wa Aktiki umepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Hesabu ile imekwisha kuharibika, na bado ndiyo inayotumika.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Sheria ya maafa haijui kinachotokea.

Sheria ya Stafford ya 1988, ambayo ndiyo mlango wa fedha kubwa za maafa, inataja kimbunga, dhoruba, mafuriko, tsunami, tetemeko, mlipuko wa volkano, maporomoko ya ardhi, tufani ya theluji, ukame na mengine. Kuyeyuka kwa pamafrosti hakumo. Mmomonyoko nao haumo. Ombi likifika, afisa anataka tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Udongo unaoshuka sentimita chache kila mwaka kwa miaka 20 hauna tarehe ya kuandika kwenye fomu.

Newtok walijaribu. Kijiji hicho cha Wayup'ik, wenyeji wa asili wa Alaska, kando ya Mto Ninglick kilikuwa kikiliwa na mto kwa wastani wa mita 21 hivi kwa mwaka, huku ardhi yenyewe ikilegea kwa ndani. Waliomba itangazwe kuwa ni maafa makubwa. Mwanzoni mwa 2017 ombi lilikataliwa. Walikuwa wakitafuta njia ya kuhama tangu katikati ya miaka ya 1990. Ardhi ya kuhamia, Mertarvik, ipo umbali wa kilomita 15 tu, na waliipata kwa sheria ya Bunge hili mwaka 2003. Familia za kwanza zilivuka Oktoba 2019. Za mwisho, 2024. Hesabuni wenyewe miaka hiyo kwa kilomita hizo.

Wayup'ik wanalo neno lao, usteq: ardhi inapokatika na kuanguka kwa sababu barafu iliyomo imeyeyuka, mto unachimba na maji yanapanda, vyote kwa pamoja. Jimbo la Alaska lililiingiza neno hilo katika mpango wake wa kupunguza majanga mwaka 2018. Kwa hiyo msamiati upo hata serikalini. Kilichobaki ni sheria ya shirikisho kuukubali.

2. Mnajenga bila kuchoronga.

Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu ndilo rahisi kulizuia.

Ukiitazama kwa juu, ardhi iliyoganda ni ile ile kila mahali. Ndani haifanani hata kidogo. Changarawe iliyoganda ikiyeyuka, haishuki sana, na nyumba inaweza kusimama. Udongo tifutifu uliojaa barafu ukiyeyuka, unageuka uji. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini kipimo chake hakihitaji maabara ya mji mkuu. Unachoronga, unatoa mche wa udongo ulioganda, mviringo, mrefu kama mche wa sabuni. Unaukata, unautia kwenye chupa ya kioo yenye alama za vipimo, unaufunika na kuuacha uyeyuke ndani ya chumba chenye joto. Kesho yake udongo umetulia chini na maji yamesimama juu yake. Maji hayo ya juu ndiyo barafu iliyozidi, yaani ile ambayo udongo hauna nafasi ya kuibeba ikishayeyuka. Ikiwa yamechukua nusu ya chupa, basi kila mita moja ya udongo wa namna hiyo itakayoyeyuka itashusha nyumba karibu nusu mita.

Kuna pia kabari za barafu. Maji ya theluji huingia kwenye nyufa za ardhi kila mwaka na kuganda, na kwa maelfu ya miaka ufa hugeuka ukuta wa barafu wenye umbo la kabari, wenye kina cha mita kadhaa na upana wa mita moja hadi tatu au zaidi kwa juu. Kabari hizo zimepangana chini ya ardhi kama mistari ya vigae. Shimo moja la uchunguzi likipita katikati ya kigae, ripoti itasema udongo ni mzuri, kumbe nguzo ya pembeni mwa nyumba itasimama juu ya barafu tupu. Kwa hiyo shimo moja kwa mradi mzima halitoshi. Tunahitaji mashimo kwenye kila kiwanja, ya kina cha mita 10 au zaidi, na machache yaachwe wazi yakiwa na waya wa vihisi joto uliofungwa kila mita, kifaa cha kurekodi kikiwa juu. Joto la mita 10 hadi 15 halibabaishwi sana na majira. Likipanda pale, limepanda kweli.

Tazameni Point Lay, kijiji cha Wainupiati, nao wenyeji wa asili, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi. Kabari chini yake zinayeyuka, viwanja vinabonyea mistari-mistari, ngazi za nyumba zinaning'inia. Mwaka 2016 ziwa lililokuwa chanzo cha maji ya kunywa lilipasua ukingo wake ulioganda na kumwaga maji yote. Ziwa zima! Hakuna pampu wala tangi la akiba linaloziba pengo la namna hiyo kwa wiki moja.

3. Msingi unajengwa, kisha unasahaulika.

Nguzo iliyozamishwa kwenye pamafrosti haibebwi na ncha yake. Inashikwa ubavuni na barafu iliyogandamana nayo. Mshiko huo hauvunjiki siku barafu inapogeuka maji. Unaanza kulegea mapema, udongo unapotoka nyuzi 4 chini ya sifuri kwenda 1 chini ya sifuri, barafu ingali barafu. Kwenye vijiji vya pwani, ambako udongo una chumvi, unalegea mapema zaidi. Ndiyo maana kusema "bado imeganda" hakumtulizi fundi.

Kuna na nguvu ya kinyume. Tabaka la juu likiganda mwanzoni mwa baridi, huvimba, hukamata nguzo na kuivuta juu. Chukua nguzo ya mita 6. Tabaka la juu likiwa nusu mita, lipo eneo la nusu mita linalovuta juu na mita 5.5 zinazoshikilia chini. Tabaka likifika mita moja na nusu, eneo la kuvuta limekuwa mara tatu na linaloshikilia limebaki mita 4.5, tena la barafu iliyolegea. Nguzo moja inapanda, jirani yake inashuka. Ndani ya nyumba utayaona kwanza milangoni: mlango unakwama juu upande mmoja na kuacha mwanya chini upande wa pili. Kisha ufa kwenye pembe ya dirisha. Kisha kile tunachokihofia kuliko vyote, yaani bomba jembamba la shaba linaloleta mafuta kutoka tangi la nje hadi kwenye hita. Tangi limekaa kwenye stendi yake, nyumba imeshuka kwa njia yake, bomba limevutika kama kamba. Likikatika Januari, familia inapoteza joto na mafuta yanaingia ardhini kwa pamoja.

Kinga ya haya inajulikana na si ya gharama kubwa. Nyumba ikae juu ya nguzo fupi zenye jeki za skrubu. Kila mwaka mwishoni mwa majira ya joto, udongo ukiwa umeyeyuka kufikia kina chake cha juu kabisa, mafundi wawili wapime kila nguzo kwa leza, au hata kwa mpira wa maji kama anavyofanya fundi muashi popote, wakianzia kwenye alama iliyofungwa kwenye chuma kirefu kisichosogea. Wafungue kwanza viungio vya maji, majitaka, mafuta na bomba la moshi. Wanyanyue sentimita moja kwa wakati, wakizunguka nguzo zote, ili kuta zisipasuke. Chini ya nyumba pabaki wazi, angalau sentimita 60, upepo wa baridi upite. Watu wasizibe kwa mbao wala kurundika vitu. Theluji isisukumwe ukutani, maana theluji ni blanketi: inaizuia baridi isiingie ardhini, na udongo ulioshinda majira yote ya baridi chini ya lundo hutoka ukiwa na joto kuliko ulivyoingia. Maji yaliyotuama yafukiwe au yapewe mfereji. Na kokoto za kiwanja zimwagwe juu ya zulia la mimea na mboji bila kulikwangua. Anayelikwangua kwa tingatinga ameondoa kivuli cha pamafrosti kwa mikono yake.

Yote haya yanahitaji mshahara wa mafundi wawili, jeki, bolti na safari ya ndege ndogo. Lakini fedha mnazotoa ni za kujenga. Za kutunza hazina fungu.

Msituambie utaalamu haukuwepo. Bomba la mafuta ghafi linalokatiza Alaska lilianza kazi mwaka 1977. Urefu wake ni karibu kilomita 1,300, na zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya ardhi kwa mihimili ipatayo 78,000. Kwenye mihimili mingi yamo mabomba ya kutoa joto, zaidi ya 120,000: chuma kilichozibwa chenye amonia ndani. Wakati wa baridi amonia huchemka chini kwa joto dogo la udongo, hupanda kama mvuke, hupoa kwenye mapezi ya juu na kurudi chini kama maji. Hakuna umeme, hakuna injini. Ardhi inabaki imeganda. Karibu miaka 50 nchi hii imejua namna ya kuizuia ardhi isiyeyuke chini ya mafuta. Tunaomba ujuzi huo huo ufike chini ya shule na zahanati.

4. Maji safi na majitaka.

Mabomba ya maji katika vijiji hivi mara nyingi hupita juu ya ardhi, yamevikwa povu la kuzuia baridi, na maji huzungushwa na pampu bila kusimama ili yasigande. Majitaka ndiyo yenye shida zaidi kwa sababu mengi hutegemea mteremko. Bomba la kutoka nyumbani lenye mteremko wa asilimia 2 na urefu wa mita 15 linashuka sentimita 30 tu. Nyumba ikizama sentimita 30, bomba limelala. Ikizama 35, majitaka yanarudi chooni. Yakisimama bombani usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri, kufikia asubuhi ni gogo la barafu, na bomba limepasuka.

Kinachofuata ni ndoo. Zaidi ya vijiji 30 vya Alaska havina kabisa maji ya bomba majumbani, na watu hujisaidia kwenye ndoo wanazobeba kwenda kumwaga. Sasa kuna nyumba zilizokwisha kuunganishwa ambazo zinarudi kwenye ndoo. Mabwawa ya majitaka nayo yamezungushiwa kingo ambazo uimara wake ni barafu iliyomo ndani. Kingo zikiyeyuka, zinavuja kuelekea ardhi oevu ambako watu wanavua na kuokota matunda.

Tunatambua kwa shukrani kwamba sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 3.5 kwa ajili ya maji na usafi katika jamii za wenyeji nchini kote, kwa miaka mitano inayoishia 2026. Ni fedha nyingi, na zimefanya kazi. Lakini ni za ujenzi. Viungio vinavyopinda, stendi za kurekebisha urefu na fundi wa kuzirekebisha havikupewa uzito unaostahili.

5. Matangi ya dizeli.

Mafuta ya mwaka mzima huletwa kwa tishari majira ya joto na kuhifadhiwa kijijini. Tarehe 29 Mei 2020 huko Norilsk, Siberia, tangi moja lilipasuka baada ya nguzo zake kushuka, na takriban tani 21,000 za dizeli zikamwagika, nyingi zikaingia mitoni. Matangi ya vijiji vyetu ni madogo sana kulinganisha, lakini ndiyo umeme na joto la kijiji chote, na yanakaa karibu na mto ule ule wa maji ya kunywa. Kila tangi lipimwe usawa wake mara mbili kwa mwaka. Ni kazi ya nusu siku.

6. Kanuni za fedha zinawatenga wadogo.

Ruzuku nyingi za kupunguza majanga humtaka mwombaji achangie, kwa kawaida asilimia 25. Kijiji cha watu 400 kisicho na kodi ya majengo kitachangia nini? Kisha hufanyiwa hesabu ya faida kwa gharama, ambamo faida ni thamani ya nyumba zitakazookolewa. Nyama ya sili, samaki waliokaushwa, ghala la barafu lililochimbwa ardhini ambalo sasa linajaa maji, havina bei sokoni, kwa hiyo vinaingia kwenye hesabu kama sifuri.

Na hata kijiji kikishinda ruzuku, haina hakika. Kipnuk walipewa dola milioni 20 za kulinda ukingo wa mto usikatike. Mei 2025 serikali ya shirikisho ikazifuta. Oktoba 2025 mabaki ya kimbunga Halong yakaipiga Kipnuk na Kwigillingok, nyumba zikaelea na kuondoka kwenye misingi, na zaidi ya watu 1,000 wakahamishwa kwa ndege. Hatusemi ukingo huo ungekuwa umekamilika kwa miezi mitano, usingekuwa. Tunasema ardhi iliyokwisha kushuka kwa kuyeyuka hupokea maji ya bahari mapema zaidi na kwa kina zaidi, na kwamba jambo hilo mlikuwa mmeandikiwa.

Tunajua mtakayojibu, maana mengine tumekwisha kujibiwa.

Mtasema utafiti haujakamilika. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilisema mwaka 2003 kwamba vijiji 184 kati ya 213 vinaathiriwa na mafuriko na mmomonyoko. Ikarudia 2009, ikitaja vijiji 31 vilivyo hatarini. Mwaka 2019 chuo kikuu cha Fairbanks na wahandisi wa jeshi walipanga jamii 187 kwa viwango vya hatari, pamafrosti ikiwa na safu yake. Orodha ipo mezani kwenu.

Mtasema wahamie mjini. Vijiji vingi vipo pale vilipo kwa sababu serikali ilijenga shule pale tishari ilipoweza kufika, na wazazi ambao walikuwa wakihama kwa majira wakatakiwa watulie ili watoto wasome. Aliyewaweka hapo hawezi leo kuwaambia kwamba walichagua vibaya.

Mtasema ni ghali. Ni kweli. Ila methali ya ufa na ukuta hapa imegeuzwa: sheria hailipi ufa hata senti moja, inasubiri ukuta, kisha inalipa ukuta, ndege za kuwaokoa watu na hoteli za kuwahifadhi.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Sheria ya Stafford irekebishwe itaje kuyeyuka kwa pamafrosti, mmomonyoko na usteq, na iruhusu maafa yanayokua kwa miaka yathibitishwe kwa vipimo vya mfululizo badala ya tarehe moja.

(b) Pasijengwe jengo wala bomba kwa fedha za umma kwenye pamafrosti bila kuchoronga kila kiwanja, kupima barafu iliyozidi, na kuacha vihisi joto ambavyo data zake zinabaki mikononi mwa kijiji.

(c) Kila ruzuku ya ujenzi iwe na fungu la matunzo la miaka 20: mafundi wenyeji waliofunzwa na kulipwa, jeki, vipuri na nauli.

(d) Mchango wa asilimia 25 ufutwe kwa vijiji vilivyo kwenye kundi la hatari kubwa katika orodha ya 2019, na hesabu ya faida ihesabu chakula kinachotoka mtoni, baharini na nyikani.

(e) Iteuliwe ofisi moja, yenye jina na simu, itakayopokea ombi la kijiji na kulibeba yenyewe kwa idara nyingine zote.

(f) Ruzuku iliyokwisha kusainiwa isifutwe bila sababu ya maandishi na muda wa kukata rufaa.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60, tukijibiwa kipengele kwa kipengele. Tupo tayari kuja na miche ya udongo na chupa zake mbele ya kamati yoyote. Ikibidi, upimaji wa nguzo mwishoni mwa majira ya joto yajayo tutaufanya mbele ya maafisa wenu. Wanachotakiwa kuleta ni viatu vya mpira vya kufika magotini.

Wenu kwa heshima,

Mafundi, wahandisi na wapimaji wa udongo
Alaska